'Their' na wenzake: sikio pekee halitoshi

Mzazi, hebu lichukue daftari la Kiingereza la mwanao usome insha moja. Huenda ukakuta ameandika: "The children went to there school." Mwambie aisome kwa sauti. Hutasikia kosa lolote, kwani kosa hili halisikiki, huonekana tu. Mwalimu akiliona, kalamu nyekundu haina huruma. Lisiporekebishwa mapema, litamfuata mtoto hadi kwenye barua ya kuomba kazi.

Chanzo chake si uvivu. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, kwa hivyo mtoto wetu amezoea kuliamini sikio lake. Hata vitawe kama "kaa" na "paa" vina maana nyingi lakini tahajia ni moja. Kiingereza kina sauti moja iliyobeba tahajia tatu: "their", "there" na "they're".

Dawa iko papa hapa nyumbani: kabla ya kuandika, mtoto alitafsiri neno hilo kichwani.

Akipata "yao", "chao", "wao" au "zao" ya kumiliki, aandike "their". Sisi hufuata ngeli na kusema nyumba yao, kitabu chao, watoto wao. Kiingereza hakina habari na ngeli: "their house, their book, their children".

Akipata "huko", "pale" au "kuna", aandike "there". Atazame ndani ya neno hilo ataona "here", yaani hapa. Hapa na pale ni ndugu.

Lakini "kuna" ina mtego wake. Sisi husema "kuna mbuzi", awe mmoja au wawe mia. Kiingereza hutazama jina linalofuata: "there is a goat", lakini "there are goats". Ndiyo maana "there is many people" huwaponyoka hata watu wazima.

Akipata "wao ni" au "wanakuja", hiyo ni "they're", ufupisho wa "they are". Ritifaa imeshika nafasi ya herufi "a" iliyoachwa. Katika barua rasmi ni heri kuandika "they are" kwa ukamilifu. Hapo hatari yote imekwisha.

Na "theirs", yenye maana ya "ni yao", haina ritifaa kamwe.

Je, "Everyone must bring their book" ni sahihi, ilhali "everyone" ni umoja? Walimu wengi wa zamani walisisitiza "his". Hata hivyo, matumizi hayo ya "their" yamekuwako tangu karne ya 14, na leo yanakubalika.

La kuchekesha ni kwamba "their" lenyewe ni neno la kukopa. Lililetwa na watu wa Skandinavia waliohamia Uingereza zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Wataalamu wengi huamini lilipokewa kwa kuwa viwakilishi vya kale vya Kiingereza vilikuwa vimefanana mno. Mgeni aliyekaribishwa kuondoa utata akaleta wake!

Basi jioni ya leo, baada ya chakula, mpe mwanao imla ya sentensi tano zenye maneno haya. Akikosea, usimgombeze. Mwulize tu: "Kwa Kiswahili ungesemaje?" Jibu atakalokupa ndilo litakalomwonyesha tahajia.