Sifa ya nguvu na sifa ya jicho: funzo kutoka Jeddah na Riyadh

Mashabiki wa soka humsifu mchezaji kwa namna mbili. Namna ya kwanza husifu mwili wake: ana mbio, ana nguvu, ana pumzi, haanguki. Namna ya pili husifu kichwa chake: anaona mbali, ametulia, pasi yake inafika pale alipoikusudia. Mchezaji mweusi amelishwa sifa ya kwanza miaka nenda miaka rudi. Ile ya pili hupewa kwa kijiko, tena kwa kuchelewa.

Ndugu msomaji, huenda ukaona hili ni jambo dogo la vijiweni. Mimi naona ni kubwa, na linatuhusu sana sisi wa Afrika Mashariki ambao ndugu zetu kwa maelfu wako Riyadh na Jeddah kutafuta riziki. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza twende uwanjani.

Jeddah ni maskani ya Al-Ittihad, klabu iliyoasisiwa mwaka 1927. Kwa zaidi ya miaka kumi mchezo wa timu hiyo ulipita katika miguu ya Mohammed Noor, Msaudi mweusi aliyezaliwa Makka mwaka 1978. Katika miji ya Hijazi, yaani Makka, Madina na Jeddah, watu wenye asili ya Afrika wapo tangu zamani. Baadhi yao ni vizazi vya mahujaji waliofika kuhiji wakabaki, wengine ni vizazi vya watu waliopelekwa huko utumwani. Kwa hiyo sura nyeusi si ngeni mjini Jeddah. Jambo lililokuwa adimu, huko na kwingineko duniani, ni mwenye sura hiyo kukabidhiwa usukani.

Noor alikabidhiwa. Novemba 2004 Al-Ittihad ilifungwa nyumbani 3-1 na Seongnam ya Korea Kusini katika mchezo wa kwanza wa fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Asia. Ikalazimika kwenda ugenini ikiwa na deni la mabao mawili. Tarehe 1 Desemba ikashinda 5-0, Noor akiwa miongoni mwa wafungaji. Mwaka uliofuata ikalitetea kombe hilo mbele ya Al-Ain ya Falme za Kiarabu, na Desemba 2005 ikaenda Japani kwenye mashindano ya dunia ya klabu. Huko iliifunga Al Ahly ya Misri 1-0 kwa bao la Noor, kisha ikatolewa na São Paulo ya Brazil kwa 3-2, Noor akifunga tena.

Mabao hayo yameandikwa na yatabaki. Lakini mashabiki wa Al-Ittihad hawakumpenda kwa mabao peke yake. Walimpenda kwa kitu ambacho vitabu vya takwimu vya enzi ile havikukiweka vizuri, nacho ni pasi yake na utulivu wake. Mpira ukimfikia, timu nzima ilipumua. Mabeki wawili wangemjia, naye angeuweka mpira chini ya mguu, anyanyue kichwa, asubiri mwenzake amalize kukimbia, ndipo autoe. Watu walijaa uwanjani kumwona mtu mweusi akifikiri. Nalisema hivyo makusudi.

Riyadh nako wana desturi hiyo. Mashabiki wa Al-Hilal walimpachika Yousuf Al-Thunayan, nyota wao wa miaka ya 1990, jina la Al-Faylasuf, maana yake Mwanafalsafa. Tafakari jina hilo. Mtu anacheza mpira kwa miguu, wenzake wanamwita mwanafalsafa! Baadaye akaja Mohammad Al-Shalhoub, mfupi wa kimo, mwili mdogo, mguu wa kushoto, akadumu Al-Hilal tangu 1998 hadi 2020. Hakuwa na misuli ya kumtisha mtu. Alikuwa na jicho, na jicho lilimtosha.

Kwa hiyo mashabiki wa miji hii miwili wanajua kuisifu akili ya mchezaji. Swali ni hili: ni nani anayepewa sifa hiyo mara kwa mara, na ni nani anayerukwa?

Chukua mfano wa karibuni. Tarehe 30 Juni 2025, mjini Orlando, Al-Hilal iliishangaza dunia kwa kuitoa Manchester City 4-3 katika Kombe la Dunia la Klabu. Katika muda wa nyongeza, Mreno Rúben Neves alipiga kona, na Kalidou Koulibaly wa Senegal akaifunga kwa kichwa. Jiulize wewe mwenyewe uliyetazama ulisema nini. Wengi wetu tungesema Neves ana jicho na Koulibaly ana nguvu. Lakini beki yule naye alisoma mpira unakwenda wapi, akachagua wakati wa kuondoka, akamtangulia aliyekuwa akimkaba. Kama hiyo si akili, basi akili ni nini?

Wala hizi si hisia zangu tu. Mwaka 2020 taasisi ya utafiti ya RunRepeat, ikishirikiana na chama cha wachezaji wa kulipwa cha Uingereza, ilichapisha uchunguzi wa maneno ya watangazaji wa mpira katika mechi 80 za ligi za Uingereza, Hispania, Italia na Ufaransa. Walikusanya kauli 2,073. Waligundua kwamba watangazaji walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara sita kuzungumzia nguvu pale mchezaji alipokuwa mwenye ngozi nyeusi zaidi. Sifa za akili, zaidi ya asilimia 62 zilikwenda kwa wenye ngozi nyeupe zaidi. Watangazaji wale hawakukaa kikao kupanga ubaguzi. Maneno yaliwatoka tu, kama yanavyotutoka sisi.

Wamarekani wana somo lao katika hili. Katika kandanda yao ile ya kushika mpira kwa mikono yupo mchezaji aitwaye kwotabeki, ambaye kila shambulio huanzia kwake. Sifa yake kubwa ni kulenga pasi na kutulia wakati majitu ya kilo 120 yanamkimbilia. Kwa miaka mingi nafasi hiyo iliaminiwa kuwa ya wazungu, na kijana mweusi aliyeicheza chuoni aliambiwa ahamie kwenye nafasi ya mbio. Warren Moon aliiongoza timu ya Chuo Kikuu cha Washington kushinda mchezo wa Rose Bowl Januari 1978, akatajwa mchezaji bora wa siku hiyo. Mwaka huohuo hakuna klabu hata moja ya ligi kuu ya Marekani iliyomchagua kwenye mgawo wa wachezaji. Akaenda Kanada, akashinda ubingwa mara tano mfululizo. Ligi ya kwao ilimpokea mwaka 1984, na mwaka 2006 akaingizwa kwenye jumba la mashujaa wa mchezo huo, kwotabeki mweusi wa kwanza kufika hapo. Ni Februari 2023 tu ndipo fainali yao kubwa ilipoanza kwa makwotabeki wawili weusi, Patrick Mahomes na Jalen Hurts. Leo mashabiki wakimsifu kijana mweusi wa chuo kwa pasi yake na utulivu wake, wanatamka maneno ambayo mzee Moon alinyimwa pamoja na kazi yake.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Neno la sifa huamua mtu atapangiwa kazi gani. Ukimwita mwenye nguvu utampa mzigo, na ukimwita mwenye jicho utampa uongozi.

Sasa turudi kwetu. Tunajua kuisifu akili tukitaka. Haruna Niyonzima wa Rwanda alipotua Yanga mwaka 2011, Dar es Salaam ilimwita Fabregas kwa sababu ya pasi zake. Clatous Chama wa Zambia alipofika Simba mwaka 2018, mashabiki walimgeuza mfalme, na mbio hazikuwa sababu. Lakini angalia tunavyowaaga wetu wanapokwenda nje. Victor Wanyama aliifunga Barcelona akiwa Celtic mwaka 2012, na jambo la kwanza linalotajwa kumhusu hadi leo ni ubavu wake. Simon Msuva alipokwenda mwaka 2022 kuichezea Al-Qadsiah ya Khobar, Saudi Arabia, tulimsindikiza kwa kuitaja kasi yake. Kasi anayo, hilo halina ubishi. Lakini winga hafiki mahali kwa kasi tu. Hufika kwa kujua aondoke lini.

Na sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Idadi kubwa ya ndugu zetu walioko Riyadh na Jeddah hawamo uwanjani. Wamo majumbani, kwenye magari ya kusambaza chakula, kwenye vibanda vya ulinzi, kwenye maeneo ya ujenzi. Serikali zetu zina neno lao kwa watu hao: nguvu kazi. Tunasema tunasafirisha nguvu kazi, tunatia saini mikataba ya nguvu kazi. Neno lenyewe limeshamaliza hukumu. Tunapeleka nguvu, kichwa tunakiacha uwanja wa ndege.

Mtazame dada wa Mombasa au wa Kampala katika nyumba ya watu Riyadh. Amefika hajui Kiarabu; baada ya miezi michache anakielewa kwa kusikia tu. Anajua dawa za bibi wa nyumba hiyo na saa zake. Anajua mtoto yupi akilia ana njaa na yupi anataka kubebwa. Anapika huku sikio liko chumba cha pili, na wakifokeana wakubwa yeye hatetereki. Huyo angekuwa kiungo wa timu tungesema pasi zake zinafika na presha haimgusi. Kwa kuwa ni mfanyakazi wa ndani, wakala anaandika kwenye fomu kwamba ana afya nzuri na ni mchapakazi.

Gharama ya tofauti hiyo ni kubwa. Mwenye nguvu hubadilishwa kwa mwenye nguvu mwingine, kwani wako wengi foleni. Mwenye jicho huombwa abaki, tena kwa mshahara mzuri. Saudi Arabia ilipolegeza masharti ya kuhama mwajiri Machi 2021, mageuzi hayo yaliwaacha nje wafanyakazi wa majumbani. Machi 2025 gazeti la New York Times liliripoti kwamba Wakenya wasiopungua 274, wengi wao wanawake, walikuwa wamefia Saudi Arabia katika kipindi cha miaka mitano. Sisemi kwamba watu hawa walikufa kwa sababu ya lugha ya wapenzi wa mpira. Nasema mtu aliyezoeleka kuonekana kama misuli ni rahisi kufanyizwa kazi bila mapumziko, na ni rahisi kusahauliwa anapokufa.

Najua yatakayosemwa. Wapo watakaosema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sifa haijazi sufuria. Ni kweli. Sifa za majukwaani hazimrudishii mtu pasipoti yake iliyofungiwa kabatini na mwajiri. Noor alishangiliwa Jeddah kwa miaka mingi, na shangwe hizo hazikuandika sheria mpya hata moja. Wapo pia watakaosema hakuna aibu kusifiwa kwa nguvu. Nakubali, nguvu ni neema ya Mungu. Aibu ni kusifiwa kwa hiyo peke yake, maisha yote, na watoto wako nao vivyo hivyo.

Mimi ni mwandishi niliyelazimika kufanyia kazi yangu nje ya nchi yangu. Ugenini nimejifunza kwamba mgeni hupokelewa kwa jina alilotangulizwa nalo. Kwa hiyo nina maombi matatu.

La kwanza ni kwa watangazaji na waandishi wa michezo wa Nairobi, Dar, Kampala na Bujumbura. Mchezaji wetu akitoa pasi nzuri, tuambieni ameona nini kabla ya kuitoa. Msituishie kwenye mapafu ya mbwa na miguu ya farasi.

La pili ni kwa walimu wa timu za watoto. Mtoto mrefu mwenye kifua kipana asipelekwe beki moja kwa moja. Mwekeni katikati mwezi mmoja, mpeni mpira, mtazame anachokiona.

La tatu ni kwa wizara zetu za kazi. FIFA iliipa Saudi Arabia Kombe la Dunia la 2034 tarehe 11 Desemba 2024, na michezo itachezwa Riyadh, Jeddah na miji mingine mitatu. Viwanja vinajengwa na mikono itahitajika. Mnapokwenda kujadili mikataba, wekeni mezani ujuzi wa watu wetu kwa majina yake: ulezi wa wazee, upishi, ufundi umeme, udereva wa mitambo. Daini vyeti vitambuliwe, daini mshahara wa fundi, daini pasipoti ibaki mfukoni mwa mwenyewe.

Nasi wasomaji tuna kazi yetu, na haina gharama. Jumamosi ijayo mkikaa kutazama mechi, mchezaji mweusi akinyanyua kichwa na kuutuma mpira mita arobaini hadi kwenye mguu wa mwenzake, semeni kwa sauti mlichokiona: huyu ameona.