Sigara ya Umeme ya Kujiundia ni Suala la Usalama Kazini



Quitunda ilijengwa kwa ajili ya wananchi waliohamishwa kupisha mradi wa gesi wa Afungi. Penye gesi, cheche moja ni hatari kwa wote.

Sigara ya umeme ya kujiundia, ile yenye chupa ya kubinya chini, mara nyingi haina fyuzi. Ukibinya kupita kiasi, maji yake huweza kuvuja. Ikivuja, toa betri kwanza, kisha kausha vyuma. Betri iliyochanika ganda isitumike, wala betri isibebwe mfukoni pamoja na funguo: huweza kuwaka. Kazini usiingie nayo kabisa.

Lakini kukataza peke yake hakutoshi. Chama kidai mafunzo kwa Kiswahili, Kimwani na Kimakonde. Usalama ni haki ya mfanyakazi, si hisani.