Msimkamate Bumu

Najua nimepotea, kazi za darasani zimenibana kisawasawa. Leo sina siasa za chuo, nataka kuongelea paka. Atakayecheka acheke.

Kuna mtoto wa paka anaishi nyuma ya simtanki, pembeni ya bweni letu. Nimempa jina la Bumu, kwa sababu kila mtu anasema lipo ila ukilitafuta hulioni. Mama lishe wa getini anasema mama yake aligongwa na gari, na kwa hesabu yake katoto kana miezi mitatu kasoro.

Basi bwana, mwanzoni nilijifanya mjanja. Nikaweka dagaa, alipokuja nikamdaka. Nia ilikuwa njema, nilitaka ajue sina ubaya. Alinichana mkono mpaka nikaishia kwenye sindano (na msipuuze jamani, kichaa cha mbwa hata paka analeta, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu nenda hospitali siku hiyohiyo). Bumu hakuonekana siku nne.

Hapo ndipo ninapobishana na wenzangu wa korido. Wao wanasema paka ni tumbo, mlishe tu atakuzoea. Nakataa. Chakula kinamleta kwenye sahani, hakimleti kwako. Anayekula masikio yamelala nyuma, akimaliza anatimka, huyo ana njaa tu, hajakuamini. Kilichomlegeza Bumu ni vitu vya kuchosha kabisa: saa kumi na mbili jioni kila siku, sehemu ileile, mimi nimekaa chini maana nikisimama kwake nakuwa mnazi, nasoma hendauti ya saikolojia ya elimu kwa sauti ndogo. Simkodolei macho, kwa paka huo ni ugomvi. Nikimtazama nafumba macho polepole. Rumeti wangu akasema nimelogwa, lakini jambo hilo sikulitunga mimi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliandika kwamba paka humsogelea zaidi mgeni anayewafumbia macho polepole kuliko asiyebadili uso.

Siku ya kumi na sita alinusa kidole changu. Sikumshika. Yaani hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote, mkono unawasha kabisa!

Na msimwite mshenzi. Utafiti wa Eileen Karsh kule Marekani miaka ya 1980 ulionyesha kwamba paka wanaozoea watu kirahisi ni wale walioshikwashikwa na binadamu tangu wakiwa na wiki 2 hadi 7. Wiki hizo Bumu alizimaliza nyuma ya simtanki, halafu mtu wa kwanza kumgusa nikawa mimi, kwa kumdaka.

Sasa rumeti ana hoja nyingine, na hii iliniuma. Anasema namdanganya mtoto wa paka. Mwezi wa saba naenda mazoezi ya kufundisha, nitamwacha, na uoga ndio ulinzi wake pekee, kwa sababu hapa wapo wanaorusha mawe. Nimelifikiria siku mbili. Nadhani ana haki nusu. Paka aliyemzoea mtu mmoja, na mtu huyo ana begi mkononi, nimemtega. Lakini kumwacha na uoga wake kisa mimi nasafiri, hapo sikubali. Sasa hivi kila chakavu kinachodondoka kinamkimbiza barabarani kulekule kulikomuua mama yake.

Kwa hiyo tangu wiki iliyopita nasogeza sahani hatua mbili kila jioni kuelekea kwenye banda la mama lishe. Yeye ana stoo ya mchele na panya wa kutosha, na hahami. Kwanza alitaka nimkamate nimtie kwenye boksi yaishe.

"Mama, naomba tusimkamate."

"Mwanangu, nimelea sita, kapaka hako ndiko kanishinde?"

Ila juzi alikubali kukaa kwenye kigoda chake akichambua mchele, bila kumwita, bila kumwangalia. Bumu alitoka akala, jicho moja kwa mama. Jana alikaa hatua nne kutoka kwenye kigoda, akalamba mguu wake. Zimebaki siku kumi na moja niondoke.