Wazee Wetu na Mtihani wa Uraia

Twasikitika kuona vijana wetu walioko Marekani wakiwakaririsha wazazi wao maswali ya uraia kwa Kiingereza wasichokijua, ilhali sheria imewapa nafuu. Aliyetimiza miaka 50, akiwa na ukaazi wa kudumu wa miaka 20, au miaka 55 na ukaazi wa 15, huruhusiwa kujibu kwa Kiswahili kupitia mkalimani. Waliowasilisha maombi tangu Oktoba 20, 2025 husoma maswali 128, huulizwa hadi 20, na hutakiwa kupata 12. Mwenye miaka 65 na ukaazi wa 20 husoma 20 tu. Basi kwa nini kumtesa bibi kwa matamshi? Msomesheni Katiba yao kwa lugha yake, kila jioni baada ya Magharibi, na mkalimani atafutwe mapema.