Mkulima hakudanganya, swali lako ndilo bovu

Leo siandiki juu ya viwavijeshi wala nafasi za kupandia. Naongea na wanaotuletea madodoso vijijini: wanafunzi wa utafiti, watu wa miradi, na sisi wenyewe maafisa ugani tunaoyapokea bila kuyasoma. Nimechoka kukaa kwenye vikao vya tathmini nikisikia kwamba takwimu hazieleweki kwa sababu wakulima ni waongo.

Msimu uliopita nilipewa kishikwambi chenye dodoso la mradi mmoja, maswali 96. Nikafika kwa mama mmoja mjane anayelima ekari moja na nusu, mtama na alizeti humo humo. Swali likasema: "Ulivuna kilo ngapi za mtama?" Akaniangalia kwanza. "Bwana shamba, mimi nina magunia manne." Kishikwambi hakikubali gunia. Kinataka kilo, na usipojaza hakiendi mbele. Nikazidisha manne kwa mia, nikaandika 400, nikaenda swali linalofuata.

Baadaye nilipita tena kwa shughuli nyingine nikakuta wanapura. Yale magunia manne yalikuwa ya masuke! Baada ya kupura na kupepeta hayakufika mawili. Orodha ya mbegu za msaada ilikuwa imeshatoka na jina lake halimo, maana kwenye karatasi ana chakula cha kutosha. Mama wa watu alijibu ukweli mtupu. Aliyeandika 400 ni mimi, na aliyenilazimisha kuandika ni mtu aliyetunga swali akiwa ofisini.

Kilo na hekta ni lugha yetu ya ripoti. Hekta moja ni ekari 2.47, lakini sijawahi kumsikia mkulima wa kwetu akisema ana hekta. Hata hiyo ekari tunaipima kwa hatua 70 kwa 70. Mwenye miguu mirefu akipiga hatua ya mita nzima anapata mita za mraba 4,900, wakati ekari halisi ni kama 4,047. Gunia nalo, kuna la debe sita, na kuna lumbesa ambalo kila mtu anajua limekatazwa na kila mtu amewahi kuliona barabarani. Sasa wewe unaandika "kilo" halafu unashangaa majibu hayalingani.

Uliza hivi: umeweka mavuno kwenye chombo gani? Vyombo vingapi? Kimoja kinaingia madebe mangapi? Yamepurwa au bado? Ndiyo, ni maswali manne badala ya moja. Kugeuza kuwa kilo ni kazi yako na kompyuta yako baadaye. Usimtwike mkulima.

Halafu kuna maswali mapacha. "Je, unatumia mbegu bora na mbolea?" Mwenye mbegu bora asiye na mbolea ajibu nini? Atasema ndiyo ili uondoke. Na kuna lile la kujipendekeza: "Mafunzo ya mradi yamekusaidia kiasi gani?", majibu ya kuchagua ni sana, wastani, kidogo. Hakuna "hayakunisaidia". Hiyo ni kuomba sifa.

Lakini linaloniudhi kuliko yote ni kunituma mimi nikamuulize mkulima kama afisa ugani huwa anamtembelea. Nimesimama mbele yake, nimevaa kofia ile ile ninayoivaa kila siku. Atasema hapana? Mtu wa kwetu aliyelelewa vizuri hawezi. Ndiyo maana kwenye ripoti sisi maafisa ugani tunaonekana tunafika kila kaya kila mwezi, na mnajua pikipiki yangu haina mafuta tangu lini. Swali hilo mpeni mtu mwingine aulize. Bora zaidi, mwambie mkulima akutajie mara ya mwisho afisa alipofika na walizungumza nini. Akikosa la kusimulia, umeshapata jibu.

Mifugo nayo ina namna yake. Ukianza na "una ng'ombe wangapi", mzee anaona kodi au mchango unakuja, anakata namba nusu. Kabla ya kuuliza, mweleze taarifa zinakwenda wapi, nani atazisoma. Na usiposema kweli hapo, wewe ndiye umeanza kudanganya.

Najua mtasema dodoso litarefuka. Basi punguzeni. Kila swali jiulize jibu lake litaingia jedwali gani na nani ataamua nini kwa jibu hilo. Usipojua, futa. Kwenye yale 96 nilihesabu 31 ambayo sikuona kazi yake, likiwemo rangi ya bati. Likishapungua, lijaribu kwa wakulima watano kabla ya kulisambaza, na waambie wakueleze kwa maneno yao wameelewa umeuliza nini. Asubuhi moja inatosha.

Dodoso la msimu huu limefika juzi. Kipimo cha mavuno ni kilo tu, na muda wa kukusanya ni Januari, wakati mtama wetu tunavuna Mei na Juni. Nimeandika maelezo pembeni kwa kalamu nyekundu nikalirudisha. Bado nasubiri simu.