Nani Alimcheka Kanumba?

Mwaka 2009 Steven Kanumba, mwigizaji wa filamu aliyekuwa na umri wa miaka 25, alialikwa Afrika Kusini kuitembelea nyumba ya mashindano ya televisheni yaitwayo Big Brother. Alikwenda kama mgeni, na alikwenda akiwa Mtanzania. Aliporudi alikuta kicheko kinamngoja. Hakuchekwa kwa kulewa, wala kwa kutukana, wala kwa tendo lolote ambalo wazee wetu wangelikunjia uso. Alichekwa kwa sababu Kiingereza alichokisema mbele ya kamera kilikuwa cha kujikongoja. Wenye kalamu walimcheka, wenye mitandao walimcheka, na maofisini watu walikunywa chai ya saa nne wakimcheka.

Haikutimia miaka mitatu akafariki dunia, tarehe 7 Aprili 2012, nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam. Siku ya maziko viwanja vya Leaders vilifurika. Magazeti yalikadiria waombolezaji kuwa zaidi ya 30,000, Makamu wa Rais akiwa miongoni mwao. Namna kifo kile kilivyotokea ni jambo ambalo Mahakama Kuu ilikwisha kulitolea hukumu mwaka 2017, wala si shabaha ya makala haya. Shabaha yangu ni kile kicheko. Taifa lililomzika mtu kwa heshima ile lilikuwa limemcheka kwa kosa gani? Nashikilia kwamba aliyechekwa hasa hakuwa Kanumba. Kilichochekwa ni Kiswahili, na waliocheka wangali wapo, tena baadhi yao wanatufundishia watoto.

Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984. Alihamia Dar es Salaam kwa masomo ya sekondari, na mwaka 2002 akajiunga na kikundi cha Kaole, ambacho michezo yake ilitazamwa na kila aliyekuwa na televisheni au jirani mwenye nayo. Tamthilia kama Jahazi na Dira zilimjulisha sura yake kwa wananchi. Kutoka hapo akaingia katika filamu za video. Dar to Lagos, ya mwaka 2006, iliwakutanisha waigizaji wetu na wa Nigeria. Oprah ikafuata mwaka 2008. Baadaye alianzisha kampuni yake mwenyewe, Kanumba The Great Film, akawa mtunzi, mwigizaji, mwongozaji na mtayarishaji kwa wakati mmoja. Uncle JJ na This Is It, alimoigiza pamoja na watoto wadogo, zilipendwa hata na wazee wasiopenda filamu. Mwaka 2011 alimshirikisha Ramsey Nouah wa Nigeria katika Devil Kingdom.

Yafaa tukumbuke hali aliyoikuta. Serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968. Kampuni hiyo ilitupa Fimbo ya Mnyonge katika miaka ya 1970, na mwaka 1985 ikashiriki kutengeneza Arusi ya Mariamu. Zilikuwa kazi za heshima, na mwalimu anayeweza kuzipata awaoneshe wanafunzi wake. Lakini zilihesabika kwa vidole, na kampuni yenyewe haikudumu. Majumba ya sinema nayo yalifungwa moja baada ya jingine, mengine yakawa maghala, mengine makanisa. Kijana wa Shinyanga hakukuta studio, hakukuta mkopo, hakukuta jumba la kuoneshea. Alikuta kamera ya video, wafanyabiashara wa Kariakoo na lugha yake.

Lugha hiyo ndiyo hoja yangu. Niandikapo haya nipo Lundo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, katika wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Filamu zilitufikia katika banda la video: kuta za matete, mabenchi ya mbao, jenereta likinguruma nyuma. Mwanzoni zilioneshwa filamu za Kihindi, za Kichina na za Nigeria, na ilibidi awepo mtu wa kuzitafsiri, sauti yake ikizifunika sauti za wenyewe. Filamu ya Kanumba ilipowekwa, mtafsiri alikosa kazi. Wavuvi wa usipa waliotoka ziwani, mama muuza mihogo, vijana waliokimbia shamba la kahawa huko milimani, wote walimsikia mtu wa mjini akiomba radhi, akigombana na mkwewe, akibembeleza, akidanganya, akilia, kwa Kiswahili. Wengi wao nyumbani husema Kinyasa, Kimpoto au Kimatengo. Kiswahili cha ofisini walikijua: ni kile cha barua ya ushuru na cha mkutano wa hadhara. Hiki kilikuwa cha sebuleni. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kukiona Kiswahili kimevaa suti, kinaendesha gari, kinaugua mapenzi, pasipo mtu wa kukisemea.

Wala hakikuishia hapa. Filamu hizo zilivuka mipaka zikaingia Kenya, Rwanda, Burundi na Kongo ya mashariki, zikimfundisha mtazamaji Kiswahili cha Dar es Salaam bila mwalimu na bila mtihani. Mwaka 2019 Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Mwaka 2021 UNESCO ikaitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Twajisifu, twafanya makongamano, twagawa fulana. Ni nani kati ya wasemaji wa makongamano hayo aliyewahi kufanya vijana wa Kigali na Bujumbura wakariri maneno yake ya Kiswahili kwa hiari yao, kama alivyofanya yule aliyechekwa?

Wanaomdharau husema kwanza kwamba alikuwa mwigaji: majumba makubwa, uchawi, machozi mengi, vyote vimetoka Lagos. Sikatai. Lakini tuitazame ngoma ya mganda, ambayo sisi wa ufukwe huu huipeleka mbele ya wageni wa Serikali kuwa kielelezo cha asili yetu. Mganda ulizaliwa kwa kuiga. Babu zetu waliyatazama magwaride na bendi za askari wa kikoloni, hasa katika zama za Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Wakaichukua mistari ile, mavazi meupe na vyeo vya kijeshi, wakatengeneza tarumbeta kwa vibuyu, wakatia nyimbo zao za kusifu na kukejeli, kijiji kikashindana na kijiji. Leo hakuna afisa utamaduni atakayethubutu kusema mbele ya Wanyasa kwamba mganda ni wa Wazungu. Kilichoufanya kuwa wetu si mstari wala kaptula nyeupe. Ni maneno yaliyotiwa ndani yake na watu walioyatia. Basi kama babu aliyeiga gwaride ni mlezi wa utamaduni, kwa nini mjukuu aliyeiga filamu ya Lagos na kuijaza Kiswahili awe msaliti?

Shtaka la pili ni zito zaidi, nami nalikubali nusu yake. Ni shtaka la majina. Deception. This Is It. Devil Kingdom. Na hilo la kujiita The Great. Ndani ya kasha mna Kiswahili, juu ya kasha pana Kiingereza, kana kwamba bidhaa yenyewe yaonea haya asili yake. Huu ni ugonjwa, tusiupake mafuta. Mwalimu Nyerere alimchukua Shakespeare akamvika kanzu, akatupa Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Vijana wetu wamemchukua Mswahili mwenye kanzu yake wakamfunga tai.

Lakini tai hiyo waliipata wapi? Waliipata kwetu. Mtoto wa mkulima husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akajua kuhesabu, akajua jiografia ya nchi yake, akawa na maswali. Akifika kidato cha kwanza huambiwa kwamba sasa elimu ya kweli inaanza, nayo ni kwa Kiingereza. Maswali yote yakanyamaza. Nimeingia katika shule moja ya sekondari nikakuta mlangoni kibao kinachoamuru kwamba hapa ni Kiingereza tu, na aliyekiandika hakuweza kukimaliza pasipo makosa mawili. Mtoto aliyepita chini ya kibao kile kwa miaka minne, akiwa mtu mzima mwenye bidhaa ya kuuza, ataiandika jina gani? Amekwisha kufundishwa na Serikali, na wazazi, na mwajiri, kwamba Kiswahili ni cha kusemea na Kiingereza ni cha kupandia cheo. Kanumba alilishika somo hilo sawasawa, pengine kuliko wanafunzi wengine wote. Akakiandika Kiingereza juu ya kasha, tukamlaumu. Akakitamka mbele ya kamera, tukamcheka. Akiandika hana heri, akisema hana heri. Na wale waliomfundisha kwamba Kiingereza ndicho kipimo cha mtu hakuna aliyewauliza neno.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Katika miaka ya 1950 wazee wa Unguja, Tanga na Dar es Salaam walijaza majumba ya sinema kumtazama Raj Kapoor katika Awaara, wakaimba nyimbo za Kihindi wasizozielewa, na hakuna aliyeuliza Kiingereza cha Raj Kapoor kikoje. Na huko huko India, upande wa kusini, alikuwapo mwigizaji na mtayarishaji wa filamu aitwaye N. T. Rama Rao. Jina lake alilijenga kwa filamu za Kitelugu, lugha ya watu wa Andhra Pradesh, nchi ambayo mahakama zake za juu zilisema Kiingereza na wakubwa wa Delhi walisema Kihindi. Mwaka 1982 aliunda chama cha siasa kilichosimamia heshima ya Watelugu, na mwaka 1983 akawa waziri kiongozi wa jimbo. Sisemi kwamba waigizaji wetu wawe mawaziri. Nasema kwamba Watelugu walipompata fundi wa lugha yao hawakumpima kwa lugha ya mtu mwingine.

Filamu za Kanumba zina kasoro, wala sitaki mwanafunzi azihesabu kasoro hizo kuwa mtindo. Hadithi moja hukatwa vipande viwili ili kasha liuzwe mara mbili. Upepo humeza maneno. Mtu huongea na simu kwa muda ambao mvuvi wa hapa angetega nyavu na kuzitegua. Hata hivyo, nyingi ya kasoro hizi ni za soko. Ilikuwa desturi mtayarishaji kumwuzia msambazaji haki ya filamu nzima kwa malipo ya mara moja. Filamu ikipendwa hakuongezewa kitu, na njia ya kula mwezi ujao ilikuwa kutengeneza nyingine upesi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilikuwapo. Mwizi wa kudurufu naye alikuwapo, na mashine yake ilikuwa ya kasi zaidi. Anayetaka kumlaumu msanii kwa haraka yake aanze kwa kuuliza ni nani aliyekuwa akimkimbiza.

Sasa biashara ya makasha imekufa. Diski zilizozunguka katika vijiji vya ufukwe huu zimechubuka, picha zinaganda katikati ya neno, na banda la video limegeuka duka la kuuza vocha. Kilichobaki kimo mikononi mwa wenye biashara na katika simu za vijana, vipande vipande. Twahifadhi ngoma, twahifadhi majembe ya wakoloni katika makumbusho, lakini sauti za watu wetu wakisemezana Kiswahili cha mwanzo wa karne hii twaziachia vumbi. Wizara yenye dhamana ya utamaduni na Bodi ya Filamu zinao uwezo wa kukusanya nakala safi za filamu hizi, za Kanumba na za wenzake, na kuziweka pamoja na nyaraka za Taifa, wenye haki wakilipwa haki yao. Jambo hili halihitaji kongamano.

Kwa walimu wa Kiswahili ombi langu ni jepesi zaidi. Kwa miaka mingi tumewasomesha wanafunzi tamthilia ya Ngoswe ya Edwin Semzaba, na vema. Chukueni pia dakika kumi za Uncle JJ. Wanafunzi wayaandike mazungumzo neno kwa neno, kisha wayajadili kama wanavyojadili tamthilia: wapi lugha inatiririka, wapi imekwama, wapi Kiingereza kimepenyezwa na kwa faida ya nani, na filamu ile ingeitwaje kama mwenyewe asingeogopa kuiita kwa Kiswahili. Na akitokea darasani mwenye kucheka Kiingereza cha Kanumba, asimame mbele ya wenzake aeleze kwa dakika tano, kwa Kiswahili kisichochanganywa na neno lolote la Kiingereza, ni kitu gani hasa kinachomchekesha.