Shimba Hills: Mpando unakungoja mwishoni

Sisi madaktari tuna tabia moja isiyotufaa. Tukimwandikia mgonjwa wa shinikizo la damu tembe zake, tunataja jina la dawa, kipimo na saa za kumeza. Kisha tunaongeza, huku tukimwita anayefuata, "na ufanye mazoezi." Mazoezi gani, kwa muda gani, kuanzia lini, hatusemi. Basi mtu aliyekaa ofisini miaka 15 anasikia wenzake wa kazini wanapanga kwenda kutembea vilimani Jumamosi. Anajiandikisha, ananunua raba mpya, na anaamini anatii agizo la daktari.

Sina ugomvi na vilima. Kutembea katika njia inayopanda na kushuka chini ya miti ni mazoezi bora kuliko mengi yanayouzwa mijini kwa bei ghali. Moyo hufanya kazi, misuli ya mapaja huimarika, na akili hupumzika. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini alikuwa na shinikizo la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Hii ina maana kwamba katika kila basi linalokwenda matembezi wamo wagonjwa, na baadhi yao hawajijui.

Chukua mfano wa Shimba Hills, katika Kaunti ya Kwale, ambako wakazi wa Mombasa huenda na kurudi siku moja na wageni kutoka Nairobi hupitia wakati wa likizo. Vilima vyenyewe ni vifupi, kama mita 450 tu juu ya usawa wa bahari palipoinuka zaidi. Mtu wa Nairobi, ambaye kitanda chake kiko juu ya mita 1,600, hucheka akiambiwa hiyo ni milima. Kuna msitu, kuna nyika, kuna ndovu, na ndipo mahali pekee katika Kenya unapoweza kumwona palahala porini. Matembezi yanayopendwa zaidi ni ya kwenda kwenye maporomoko ya Sheldrick, ambako maji huanguka zaidi ya mita 20. Huendi peke yako. Askari wa wanyamapori hukuongoza. Ni kama kilomita mbili kwenda na mbili kurudi.

Kilomita nne! Nani atashindwa?

Tatizo liko katika umbo la njia. Ukipanda Longonot, kazi ngumu inakuja kwanza. Ukiona moyo unagonga kupita kiasi, unageuka na kuteremka. Shimba ni kinyume. Unaanzia juu ya kilima na kuteremka hadi kwenye maji. Kuteremka hakusumbui pumzi, kwa hivyo watu huzungumza, hucheka, hupiga picha, na kila mmoja hujiona kijana. Mwili haujatoa onyo lolote, ilhali misuli ya mapaja tayari imechoka kwa kuzuia uzito usikimbie mbele. Hapo ndipo unapogeuka na kuanza kupanda, chupa ya maji ikiwa tupu na jua likiwa utosini. Makundi mengi yanayotoka mjini, yawe yamevuka kwa feri ya Likoni au yamezungukia Dongo Kundu, hufika asubuhi ikiwa imekwisha kuwa na joto.

Joto la pwani nalo si la kudharau. Jasho hupoza mwili linapokauka, si linapodondoka. Hewa ikijaa unyevu, jasho hubaki likitiririka bila faida, na joto la ndani huendelea kupanda. Mwenyeji wa nyanda za juu aliyefika juzi tu ndiye huumia zaidi, kwa kuwa mwili huhitaji kama wiki moja au mbili kuzoea. Afadhali apumzike siku mbili tatu ufuoni kwanza.

Sasa nizungumzie dawa, jambo ambalo viongozi wa makundi haya hawaulizi hata kidogo. Wagonjwa wengi wa shinikizo la damu humeza tembe za kuongeza mkojo pamoja na enalapril au losartan. Ni dawa nzuri, na simshauri mtu yeyote aziache kwa sababu ya matembezi bila kumwuliza daktari wake. Lakini mwili ukipoteza maji kwa jasho, kisha mtu akaongeza tembe za ibuprofen au diclofenac kwa ajili ya magoti, mafigo huzidiwa. Niliwahi kumwona mama mmoja wa miaka hamsini na kitu siku tatu baada ya matembezi kama haya. Mapaja yalikuwa yanamwuma, naye akawa anameza ibuprofen mara tatu kwa siku. Alikuja kwa sababu ya kichefuchefu na mkojo uliopungua. Vipimo vya damu vilionyesha mafigo yamedhoofika. Alipona, lakini alikaa wodini siku tano, na leo hataki kusikia neno mazoezi. Hasara hiyo ya mwisho naihesabu kuwa kubwa, maana shinikizo lake bado analo.

Maumivu ya mapaja baada ya mteremko huja siku ya pili au ya tatu na huisha yenyewe. Ukishindwa kuvumilia, paracetamol inatosha.

Anayetumia atenolol asitegemee kuhesabu mapigo ya moyo ili ajue amechoka kiasi gani, kwa kuwa dawa hiyo huuzuia moyo kwenda mbio. Kipimo rahisi ni mdomo. Ukiweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba, mwendo unafaa. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenclamide ale kabla ya kuondoka na awe na peremende au glukosi mfukoni, si ndani ya basi. Sukari yaweza kushuka hata usiku wa siku hiyo. Akirudi akague nyayo zake kwa macho, kwani mguu uliokufa ganzi haumwambii mwenyewe kwamba raba mpya imemchubua. Na mwenye shinikizo la 180 kwa 110 au zaidi, au aliyesikia kifua kubana siku za karibuni, asiende hadi atibiwe.

Kwale kuna malaria. Mtu wa Nairobi au Nyeri amwone daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya safari, na akipata homa katika wiki zinazofuata apimwe siku hiyo hiyo.

Maoni yangu ni kwamba matembezi ya vilimani yawe mwisho wa miezi miwili ya kutembea, si mwanzo. Shirika la Afya Duniani hushauri angalau dakika 150 kwa wiki. Mkazi wa Mombasa anaweza kuzipata pale Mama Ngina jioni, akiongeza ngazi za ghorofa analoishi, kupanda na kushuka. Wa Nairobi anao msitu wa Karura, ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa mwaka 1999 wakiutetea. Njia zake huzunguka miti na mito na kukurudisha langoni, na mielekeo yake ni ya upole.

Kwa wanaoandaa safari hizi nina ombi moja: anayetembea polepole kuliko wote awekwe mbele, nyuma ya askari. Siku hizi huachwa mwisho, na kundi likimngoja hupumzika, kisha huondoka mara tu anapofika, yeye akiwa hajapata hata dakika ya kuvuta pumzi. Akianza kuyumba, kusema maneno yasiyoeleweka au kugombana bila sababu, msimhimize apande. Mlazeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni bila kukoma, na akishatoka msituni mpelekeni hospitali hata akisema amepata nafuu.